Bwana Harusi wa Kiti cha Katikati

Hapo zamani, na simaanishi zamani za mababu, namaanisha zamani hizi ambazo mtu anakunywa chai Dar es Salaam na mchana anakula ndizi Mbeya, alikuwapo bwana mmoja aitwaye Ambokile. Bwana Ambokile alikuwa na mke, Sekela. Alikuwa na mama yake mzazi, Bibi Atuganile. Na alikuwa na mtoto wa kiume, Lusajo, ambaye hajafikisha miaka miwili, ana meno machache na sauti ya matarumbeta.

Wote wanne walikuwa wanapanda ndege kwenda Mbeya, kwenye harusi ya Ikupa, binti wa dada yake Ambokile. Mjomba huyo alikuwa ameitwa kwenye vikao vya harusi mara kadhaa, na kila mara alituma udhuru. Kwa hiyo yeye hakuwa anamjua bwana harusi. Alisikia tu kwamba ni kijana mpima ardhi, anaishi Tanga, ana adabu.

Sasa, mtoto wa umri wa Lusajo hakatiwi kiti. Anapakatwa. Na hapo ndipo Bwana Ambokile alipoonyesha akili yake.

"Mama Lusajo," alimwambia mkewe, "sikiliza mpango. Wewe unakaa dirishani. Mimi nakaa njiani. Cha katikati tunakiacha wazi. Nani mwenye akili zake atachagua kukaa katikati ya mtu na mkewe? Ndege itaruka, kiti kitabaki kitupu, na mwanao atakalia bure kama waziri."

"Na Mama je?"

"Mama kiti cha nyuma yetu. Atapumzika."

Bibi Atuganile alisikia neno kupumzika, akacheka kimoyomoyo.

Wakaingia ndegeni, wakakaa. Katikati, patupu. Akaja abiria wa kwanza, akapita. Ambokile akatabasamu. Akaja wa pili, akapita. Ambokile akanyoosha miguu. Akaja mama mmoja mnene na begi lake, akasimama, akatazama namba, akapita. Ambokile akamkonyeza mkewe.

Mlango ulikuwa karibu kufungwa alipoingia kijana mmoja akihema. Jamani, kijana alikuwa mweupe! Simaanishi ngozi. Suti nyeupe, shati jeupe, tai nyeupe, viatu vyeupe, na ua jeupe kifuani. Akasimama pale pale.

"Samahani, mzee. Hicho cha katikati ni changu."

Tabasamu la Ambokile likaanguka.

Kijana alimwona mtoto, akaona na juisi iliyo mikononi mwa mtoto, akajitazama alivyo, akasema kwa heshima, "Shikamoo, mama. Labda wewe usogee katikati, ukae na baba watoto, mimi niende dirishani?"

Sekela akasema, "Ningesogea, kaka yangu. Lakini dirisha ni la mtoto. Anapenda sana mawingu."

Lusajo hakuwahi kuona wingu kwa karibu tangu azaliwe.

"Basi wewe, mzee. Ukisogea, mimi nitakaa njiani."

"Ningesogea, kijana. Lakini goti langu hili halitaki kukunjwa. Daktari kalikataza."

Goti lenyewe lilikuwa limekunjwa wakati huo huo.

Mhudumu wa ndege akaja na uso wa kutafuta amani. "Kaka, kuna kiti kimoja nyuma kabisa, karibu na choo. Ukitaka, nakupeleka."

Kijana akafikiri. Mlango wa kushukia ni wa mbele. Akikaa nyuma atatoka wa mwisho, amekunjamana, watu wameshachoka kusubiri. Na huko Mbeya, nje ya uwanja, kulikuwa na mtu wa kamera aliyekodiwa kwa ajili ya kutoka kwake.

"Asante, dada," alisema. "Kiti changu ni changu."

Akakaa. Mabega kayabana, mikono kaiweka magotini, kama mtu aliyepakwa rangi na bado haijakauka.

Bibi Atuganile alichungulia kutoka nyuma. "Mwanangu, unakwenda wapi na weupe wote huo?"

"Kanisani, bibi."

"Bwana asifiwe, mchungaji!" alisema Bibi, na hakuuliza tena, maana alikuwa ameshajijibu. Wala Ambokile hakuuliza. Wala Sekela. Walikuwa na hasira naye. Mtu amekuja kukalia kiti walichokipanga wenyewe kiwe kitupu, wamtakie safari njema ya nini?

Ndege ikaruka, na Lusajo akaanza kulia. Hakulia kilio cha njaa wala cha usingizi. Alilia kilio cha masikio, kile cha kupanda juu, ambacho rubani mwenyewe alikisikia.

"Mpokee mwanao," Sekela alisema, akampitisha mbele ya kifua cheupe. Kijana akainua mikono.

Baada ya muda, "Mpokee mwanao," Ambokile alisema, akamrudisha. Kijana akainua mikono.

Mtoto akaenda, mtoto akarudi. Kila akipita, kiatu kinagusa tai. Kila akirudi, mate yanadondoka. Kijana aliinua mikono kiasi kwamba abiria wa upande wa pili alidhani anasali.

Hapo nyuma, Bibi alishindwa kuvumilia. Alifungua mkoba wake akatoa ubuyu. Na mnaujua ubuyu: mwekundu, mtamu, ukishauramba, vidole na midomo vinabaki kama umechinja.

"Mama, usimpe," alisema Sekela.

"Masikio yanamuuma. Akinyonya yatafunguka. Wewe ulinyonya nini ulipokuwa mdogo, mawingu?"

Akampa. Na kweli, kilio kikapungua. Lusajo akanyonya, akatema, akashika, akanyonya tena. Mikono yote miwili ikawa myekundu hadi kwenye viwiko.

Sekela akaona hatari, akataka zamu ibadilike haraka. "Baba Lusajo, mpokee!"

Ambokile alikuwa amefumba macho. Kichwa kimeegemea kiti, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala kama alivyolala siku zote zamu yake inapofika.

"Baba Lusajo, mpokee!" Sekela akamnyoosha mtoto. Na akaachia.

Mikono ya Ambokile haikutoka.

Lusajo alitua kwenye mapaja ya kijana. Kijana akaganda. Mtoto akamtazama usoni, akampenda. Akamwekea mikono yake yote miwili kifuani, pa, pa! Akafuta mdomo begani. Kisha akalaza shavu juu ya lile ua jeupe, akavuta pumzi ndefu, akalala.



Kijana alifungua mdomo kusema neno. Kabla halijatoka, abiria wa mbele aligeuka, wa nyuma akainuka, mama yule mnene akaunganisha viganja kama anaomba msamaha. "Kaka, tafadhali. Usimwamshe!" Mtu mmoja akapiga makofi polepole, wakamnyamazisha.

Na Sekela je? Alitazama mawingu. Ambokile, ambaye sasa alikuwa amelala kweli, alikoroma. Bibi alikunja miguu akapumzika kama alivyoahidiwa. Kijana alikaa hivyo safari nzima, na karibu na kutua alihisi kitu cha moto kikisambaa magotini, maana pampasi nayo ilikuwa imechoka. Hakusogea. Alifumba macho tu.

Walipotua, Sekela alinyoosha mikono kumchukua mwanawe. Lusajo alifumbua jicho moja, akapiga kelele iliyorudisha abiria wawili kwenye viti vyao, akamng'ang'ania kijana shingoni.

"Basi tangulia naye, mchungaji," alisema Ambokile, akijinyoosha, ana uso mtulivu wa mtu aliyepumzika. "Sisi tunasubiri mabegi. Tutakukuta hapo nje."

"Mzee, mimi nina watu wananisubiri..."

"Hatutachelewa."

Nje ya uwanja, kundi la ndugu lilikuwa limejipanga. Wanawake na vitenge vya sare, mtu wa kamera, na bendi ya matarumbeta. Mbele yao wote alisimama Shangazi Tusajigwe, shangazi wa bibi harusi, mwanamke ambaye hata mapadri humsalimia mara mbili. Mlango ukafunguka. Matarumbeta yakalia, vigelegele vikapaa, bwana harusi akatokea.

Tarumbeta la kwanza likanyamaza. La pili likanyamaza. Ngoma ikapigwa mara moja ya ziada, nayo ikanyamaza.

Bwana harusi alikuwa na viganja viwili vyekundu kifuani. Suruali ilikuwa na ramani ya njano. Na shingoni amening'inia mtoto, ambaye aliona watu wengi, akaogopa, akamkumbatia kwa nguvu na kupaza sauti: "Baba!"

"Ombeni," Shangazi Tusajigwe alimwita bwana harusi kwa jina lake, taratibu. "Huyo ni nani?" Maana Lusajo alikuwa hajawahi kufika Mbeya, na hapo hakuna aliyemjua.

"Shangazi, simjui."

"Humjui! Anakuita baba, amekukojolea, na humjui!"

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mwingine alikuwa tayari anapiga simu nyumbani, ambako Ikupa alikuwa anavalishwa shela. Mwenye bendi aliwaambia vijana wake wafunge vyombo. Ombeni alijaribu kueleza, lakini kila akifungua mdomo mtoto alimziba kwa kiganja chekundu. Mjomba mdogo wa bibi harusi akavua koti, na hakulivua kwa sababu ya joto. Mbeya hakuna joto.

Ndipo mlango ukafunguka tena, wakatoka Ambokile, Sekela na Bibi Atuganile, na mabegi yao, wakicheka jambo.

"Tusajigwe!" Ambokile aliita. "Mmekuja kutupokea na matarumbeta! Aa, na mchungaji wetu mmeshajuana naye?"

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Itoshe kusema kwamba harusi iliponea chupuchupu, ilinusurika kwa sababu Bibi Atuganile alimwita Lusajo kwa jina, naye Lusajo akaenda kwake akitafuta ubuyu mkobani.

Ikupa aliambiwa yote akiwa amekaa mbele ya kioo. Alilia kidogo, kwa vile kwa muda fulani alikuwa ameamini kwamba hana mume. Kisha akasema, "Mleteni. Aje hivyo hivyo." Akafunga ndoa na mwanamume mwenye viganja viwili kifuani, na kanisa zima lilipoulizwa kama yupo mwenye pingamizi, lilimtazama Shangazi.

Lakini ukumbini, kabla ya keki, Ikupa alishika kipaza sauti.

"Jumatatu tunarudi ndege moja," alisema. "Mimi, mume wangu, Mjomba, mkewe Sekela, Bibi, na huyu Lusajo. Aliyeniharibia siku yangu ndiye atakayekaa kiti cha katikati na kumpakata mtoto mpaka Dar. Wengine watakaa mbali, wala wasisaidie hata kwa kitambaa. Semeni, ni nani?"

Jamani, vichwa vyote viligeukia meza ya Mjomba.

Sekela akasimama. "Mimi nimembeba tangu nyumbani, foleni zote, ngazi zote. Nilimwambia baba yake mpokee. Mke akimwambia mumewe mpokee, anaachia. Kama ni kuendelea kushika peke yake, aliolewa kwa ajili ya nini?"

Wanawake wakashangilia.

Ambokile akasimama. "Mimi nilipanga viti, na kupanga si kosa. Mtu akilala anaweza kupokea nini?"

"Ulikuwa umelala?" aliuliza Shangazi.

"Nilikuwa nimefumba macho."

"Na ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia. Lakini nilikuwa naelekea kulala. Tena mimi nilikuwa na ubuyu? Aliyempa ubuyu ndiye aliyepaka rangi."

Bibi Atuganile hakusimama. Alizungumza akiwa amekaa. "Mtoto alilia, wazazi wake wakamrusha huku na huku kama mpira. Nani alimpa kitu cha kumtuliza? Mimi. Mikono ya mtoto ingechafua nguo za mama yake au za baba yake, ndizo nguo zake za kuchafua. Ni mimi niliyemweka mgeni katikati yao? Na huyu mgeni mwenyewe alipewa kiti cha nyuma, akakataa. Alitaka kupigwa picha! Nguo ya harusi inakuja ndani ya begi, haiji imevaliwa."

Ombeni akasimama, na ule uwekundu ukaonekana vizuri zaidi kwenye taa za ukumbi. "Bibi, ni kweli nilitaka nitoke mlangoni nikiwa mweupe. Lakini nilikaa kwenye kiti changu. Nilimwomba kila mtu asogee. Sikumwita mtoto, alikuja. Sikumwamsha, alilala. Nikihukumiwa mimi, basi mtu mwenye kosa ni yule ambaye mtoto alimpenda."

"Ungeuliza jina langu tu," Ambokile alisema.

"Na wewe ungeuliza langu, Mjomba."

Ukumbi ukagawanyika. Meza ya mashangazi ilisema ni Ambokile. Meza ya wajomba ilisema ni Sekela, maana mikono yake ndiyo iliyoachia. Vijana walisema ni Bibi, lakini walisema chinichini. Kwaya ilisema ni bwana harusi, na majivuno yake. Pilau likapoa, keki ikakatwa bila wimbo, mshereheshaji akaomba ruhusa aende nyumbani.

Jumatatu asubuhi wamesimama mbele ya karani wa uwanja wa ndege. Ikupa amepewa cha dirishani mbele, yeye amemaliza. Karani amesema vimebaki vinne: kimoja njiani, kimoja nyuma karibu na choo, kimoja mwisho kabisa upande wa pili, na kimoja cha katikati. Anauliza mtoto aandikwe na nani. Sekela anamtazama Ambokile. Ambokile anashika goti. Bibi anafunga mkoba. Ombeni amevaa nyeusi, lakini anamtazama mke wake kama mtu asiyejua atakaa wapi. Foleni nyuma yao imefika mlangoni, na Lusajo ameanza kulia.

Karani amenyanyua kichwa. Ikupa amegeuka, anawatazama ninyi mnaosikiliza.

Je, katika hao wanne, nani anastahili kukaa katikati na kumpakata mtoto?