Turubai juu ya Sola

Wifi yangu Semeni ndiye aliyenisimulia kwanza, jioni ya siku yenyewe.

Bwana Msengi, tajiri wa samaki, alitandaza turubai juu ya sola za ghala la baridi la akina mama wauza nyanya.

"Niachieni ghala, au nyanya zenu zioze."

"Lichukue, mzee," alijibu Bi Nyamizi, mshika funguo. "Ila lijaribu kwanza. Lete samaki wako, baridi ya jana bado ipo."

Akaleta matenga yote. Bi Nyamizi akafunga kufuli.

Alasiri harufu ikaanza kutoka. Bwana Msengi akapanda paani mwenyewe, akang'oa turubai.

"Sasa nipe samaki wangu."

"Nitakupa, mzee. Tenga moja kila siku, jua likitufikia."

Asubuhi iliyofuata nilipeleka nyanya zangu. Nilimkuta Bwana Msengi juu ya paa, akifuta vumbi kwenye sola.