Mwosha Vyombo na Kitundu cha Maji ya Chumvi

Wapendwa, leo nawapeleka maabara. Msininunie, nitawarudisha kabla ya chakula cha mchana.

Kulikuwa na mama mmoja mtaalamu, kazi yake kupima umeme unavyopita kwenye maji ya chumvi. Si maji ya ndoo, la! Maji yaliyo ndani ya kitundu. Kidogo kiasi gani? Vitundu elfu kumi ukivipanga mstari mmoja, ndipo vifike upana wa unywele wako.

Sasa, chumvi ikipungua kwenye maji, na umeme unaopita hupungua. Yule mama akayazimua maji yake, umeme ukapungua. Akazimua tena, ukapungua. Akazimua mara ya tatu, mita ikagoma kushuka. Mara ya nne, palepale!

Akamgeukia mwosha vyombo, baba mtu mzima mwenye miaka kumi na tisa kazini.

"Baba, vyombo hivi hukuviosha. Kuna chumvi imebaki."

"Daktari, nimesuuza mara tano. Haki ya Mungu."

"Basi chumvi imetoka wapi? Imeshuka mbinguni?"

Baba wa watu akaosha upya. Mita palepale. Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa, ikabaki saini tu. Wewe ungefanyaje? Usijitakase, hata mimi ningesaini.

Yule baba akasema, "Daktari, naomba jambo moja. Maji hayahaya, kutoka chupa hiihii niliyoiosha mimi, yapime kwenye mrija mpana."

Akapima. Mita ikaporomoka, ikakaribia sifuri. Kumbe maji yalikuwa safi! Baba wa watu hakuwa na kosa lolote!

Siri ilikuwa kwenye kitundu chenyewe. Kuta zake zina chaji ya umeme, na chaji hiyo huzivuta chembe za chumvi kutoka nje na kuzishikilia ndani. Kwenye mrija mpana kuta zinavuta vilevile, lakini maji mengi yako mbali nazo, hazifui dafu. Kwenye kitundu, maji yote yanagusana na ukuta. Nje chumvi inakaribia kwisha, ndani umeme bado unapita. Jamani, Mungu kaumba! Siku niliposimuliwa haya nilipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Mama akaichana barua. "Baba, nisamehe. Nilikuhukumu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa."

Haya, tuje kwetu sisi. Kuna mtu maisha yamembana kila upande, na bado anacheka, bado anawapikia wagonjwa uji. Tunasemaje? "Huyu lazima ana kitu." Wengine tunamtaja na mganga. Tunatafuta uchafu, kwa sababu hatuamini kwamba pale alipobanwa, Mungu yuko karibu naye kuliko alivyo karibu nasi tuliojitanua.

Mnapiga makofi? Msipige. Juzi kamati ya kanisa hili ilikaa kumjadili mama mmoja wa benchi la mwisho. Tukaulizana, mjane huyu nguvu hizi anazipata wapi? Tukapanga kumchunguza. Na mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi.

Hapana mama, usisimame. Wewe kaa. Kamati, tusimameni sisi, twende pale nyuma tukamwombe radhi.