Shangazi na Gari Lisilokula Mafuta

Wapendwa, leo nimekuja nimekasirika, na baada ya ibada mtu asiniulize nimeamkaje. Kaeni, nisikilizeni.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua gari kubwa la haibridi, haya ya petroli na umeme. Mwanzoni aliliendesha kama anafukuzwa na nyuki. Anakanyaga mafuta mpaka injini inalia, akifika kwenye tuta anabana breki ghafla, abiria wote wanapiga pua kwenye viti. Kisha analalamika, "Wameniuzia uongo, gari linakula mafuta kama lori!" Jamani! Gari lina kosa gani?

Mkewe akamchoka, akamwambia akajifunze. Akajifunza kweli, hapo nampa haki yake. Alijua kuondoka taratibu ili umeme ufanye kazi kwanza. Akiona tuta kwa mbali anaachia mafuta mapema, gari linaserereka lenyewe, breki anaigusa polepole, na betri inajichaji. Upepo wa tairi anapima. Mizigo isiyo na kazi anaitoa kwenye buti. Mafuta yakaanza kudumu. Ni jambo jema, na wenye magari hapa mjifunze, mnatuchosha na moshi.

Sasa tatizo. Kwenye kioo kilicho mbele ya usukani, gari lilimwonyesha wastani wa mafuta anayotumia, na mwisho wa safari likampa alama. Yule bwana akazipenda zile alama kuliko watu. Akipata alama mbaya, siku hiyo hali chakula. Mtu mzima!

Ikafika siku ya kupeleka posa. Mtoto wa marehemu kaka yake alikuwa amepata mchumba, na yeye, baba mdogo, ndiye mwenye gari la kubeba ukoo. Kijana huyo alibaki yatima mdogo sana, akalelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa huyu bwana. Na kwetu mnajua, wakwe wanataka kumwona aliyemlea kijana, maana ndiye atakayempokea binti yao. Shangazi alishavaa kitenge chake tangu asubuhi, amekaa kibarazani anasubiri kupitiwa.

Gari likafika njia panda. Kwa shangazi ni juu, kilima kikali, barabara ya mawe matupu. Bwana akakitazama kilima, akatazama wastani wake, akanyoosha.

"Baba mdogo, tumempita shangazi!" kijana akasema.

"Atachukua bodaboda. Nikipanda pale wastani wangu wote unaharibika. Hujui nimeuhangaikia kiasi gani."

"Lakini baba, shangazi goti linamsumbua, bodaboda hawezi kupanda."

"Basi, tukirudi tutamsimulia."

Tutamsimulia! Mmewahi kusikia? Mama aliyemlea mtoto, asimuliwe posa ya mtoto wake? Na wazee wa ukoo waliokaa viti vya nyuma, wanaume wazima na makoti yao, kimya! Waliogopa kushushwa.

Wakafika. Bwana akazima gari, kioo kikamwandikia kwamba ameendesha vizuri sana, naye akawaita wenzake waje waone. Bibi wa binti akatoka kuwapokea, akawasalimia mmoja mmoja, akaangalia nyuma yao.

"Karibuni sana. Aliyemlea kijana yuko wapi?"

"Shikamoo mama. Yeye amebaki. Njia ya kwake ni mbaya, ingetumalizia mafuta."

Bibi akamtazama. "Baba, kama aliyewalelea mtoto hammbebi kwa sababu ya mafuta, mjukuu wangu siku akiugua nani atambeba?"

Akawapa chai, maana alikuwa mtu wa adabu. Wakanywa, wakashukuru. Posa haikupokelewa. Kijana alikaa ndani ya lile gari akilia njia nzima, na leo binti yule ameolewa kwingine.

Mnacheka? Mnamcheka nani? Sisi ndio tumekuwa mabingwa wa kubana matumizi katika nyumba ya Mungu. Wazee wa kanisa walinijia juzi na furaha tele: "Mchungaji, gari la usharika halili mafuta siku hizi!" Nikawapongeza. Nikauliza, mmefanyaje? Wakaniambia, bila aibu, "Tumeacha kumpitia Bibi Aikande. Kule juu ni mbali." Bibi Aikande! Mama aliyebeba kichwani tofali za ukuta huo unaouegemea, wewe hapo! Sasa siku Bwana akituuliza, wale niliowaambia mje nao wako wapi, tutamjibu nini? Kwamba tuliendesha vizuri?

Nilikuwa na mahubiri marefu. Siyatoi. Dereva wa usharika, nakuona, usijifiche nyuma ya kwaya. Funguo unazo. Nenda kamlete. Sisi wengine tutakaa hapa hapa, hakuna wimbo, hakuna sadaka, hakuna baraka, mpaka mama yule aingie kwa mlango ule.