Chungu Kisicho na Mfupa

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi, mwanamke mmoja aitwaye Mashavu alianika kunde za mbegu juu ya jiwe, akamwambia mumewe, Pimbi, azigeuze jua likifika utosini.

"Nitazigeuza," Pimbi akasema.

"Jana ulisema hivyo hivyo, ukalala."

"Leo silali."

Mashavu akacheka. Akachuma jani moja katika ufa wa jiwe, akalitia mdomoni, akachukua kikapu na kwenda mtoni kuchuma mchicha.

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Pimbi alilala. Alipoamka jua lilikuwa limeinama, kunde hazijageuzwa, na Mashavu hajarudi.

Labda hamjapata kumwona pimbi. Ni mnyama mdogo wa majabalini, mnene, asiye na mkia, na chakula chake ni majani. Pimbi huyu na mkewe waliishi kitongoji kimoja na wanyama wakubwa wenye meno. Hawakuogopa, kwa sababu kitongoji kilikuwa na sheria moja: anayechota maji pamoja nasi haliwi. Mwenye njaa akawinde mbali. Atakayeivunja asichote tena maji pale, wala asipewe moto na mtu yeyote.

Walimtafuta Mashavu mpaka giza likaingia. Walichokiona ni kikapu chake ukingoni mwa mto, juu ya jiwe, mchicha umemwagika. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chui, alikizunguka kikapu mara mbili, akanusa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ameteleza," akasema. "Mto umemchukua. Poleni."

Wote wakaitikia. Wachache walimtupia Fisi jicho la pembeni, kwa kuwa ni Fisi. Naye akaangalia chini, kwa kuwa alikwisha kuzoea.

Pimbi peke yake hakuitikia. Nyayo za pimbi zina unyevunyevu, zinashika jiwe kama gundi. Pimbi huweza kuanguka kwa uzee au kwa ugonjwa. Kuteleza juu ya jiwe, hapana.

Matanga yakakaliwa siku saba, kama desturi ilivyotaka. Na desturi ilitaka jambo jingine: siku ya saba mikeka ikishakunjwa, hakuna anayeruhusiwa kuuliza tena marehemu alikufaje. Habari imefungwa. Pimbi alikuwa na siku saba za kujua nani amemla mkewe. Baada ya hapo angekuwa anamwamkia kila asubuhi mtoni bila kumjua.

Basi hakukaa. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda mlangoni. Akifika mlangoni, anakumbuka jambo nyuma ya nyumba, anakwenda, analisahau. Kila siku jua likifika utosini alipanda juu ya jiwe kugeuza kunde, ingawa zilikuwa zimekauka tangu siku ya pili na zikigeuzwa zililia kacha, kacha, kama kokoto.

"Keti, jirani," Bi Nyegere alimwambia. "Unatuchosha sisi tuliokaa."

"Nakuja," Pimbi akajibu, akatoka tena.

Siku ya tano, wageni walichoka na chakula.

"Asubuhi kunde, jioni kunde," Mzee Chui akasema, akisukuma bakuli kwa ukucha mmoja. "Pimbi, huu ni msiba au ni adhabu?"

"Nyumba hii haijawahi kupika nyama, Mzee."

"Ndiyo maana hamrefuki."

Mkeka mzima ukacheka. Fisi naye akacheka, kwa sauti kubwa kupita kiasi, halafu akanyamaza ghafla alipoona anatazamwa.

"Na siku ya kuanua tanga?" Chui akaendelea. "Watu hawaji msibani kula majani. Ikiwa ni kunde tena, mimi nitatuma salamu."

"Mimi nitakuja," Bi Nyegere akasema. "Mimi sichagui. Nyoka nimekula, kenge nimekula, nungunungu nimekula na miiba yake miwili mitatu. Nyuki nimewala pamoja na nyumba yao."

"Wewe na Fisi mnakula ovyo," Chui akasema. "Kenge. Hata kumtaja nasikia kutema. Mimi ni swala, basi. Hivi vijinyama vya mashimoni na majabalini ni vitoweo vya wasiojiweza. Wala sijavuka mto hata siku moja kwenda kula vya ng'ambo."

"Mwenzio hula waliokwisha kufa, Mzee," Fisi akasema polepole. "Sijamwua mtu."

"Hakuna aliyekuuliza."

"Leo hakuna," Fisi akasema.

Bi Nyegere akapunga mkono kuwanyamazisha. "Mzee, hujui unachokosa. Nyama ni majani yaliyotembea, basi. Nungunungu wa shamba la mihogo, ukimtafuna unaonja muhogo. Swala anayeshinda chini ya mwarobaini, mchungu. Nipe kipande na unifumbe macho, nitakwambia mnyama alikula nini juzi."

"Hilo hata mimi naliweza," Chui akasema. "Ulimi wangu haujawahi kukosea."

Pimbi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mabakuli. Akaliweka chini, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tano, na wote waliona. Kisha akainuka.

"Mzee, usitume salamu, njoo," akasema. "Njooni wote. Siku ya saba nitapika chungu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupikiwa. Sitataja ni nyama ya nani. Atakayeitambua kwa ulimi wake, chungu cha pili ni chake peke yake."

"Wewe?" Chui akamtazama kutoka juu hadi chini. "Mla majani?"

"Msiba hubadilisha watu, Mzee."

"Hapo umesema jambo la maana," Chui akasema, akajilamba sharubu.

Sasa nitawaambia Pimbi alichofanya, lakini msimwambie Chui.

Alichuma uyoga mkubwa wa porini, akauchana vipande, akautundika juu ya moshi siku mbili mpaka ukawa mgumu wa kutafunwa. Akachoma biringanya kwenye makaa mpaka zikalainika kama mafuta. Akatwanga karanga. Akatoa maharage mekundu ghalani. Kunde za juu ya jiwe hakuzigusa. Hapakuwa na nyama hata ya kunenepesha sisimizi. Pimbi alijua jambo moja: mtu aliyelelewa kwa nyama tangu azaliwe hajui nyama inaishia wapi na viungo vinaanzia wapi.

Mwisho akaenda kwenye ufa wa jiwe.

Pale palikuwa na mmea mdogo wenye majani ya manyoyamanyoya. Mashavu alitoka na mbegu zake kwao, ng'ambo ya mto, akazipanda pale siku alipoolewa. Kila mara alitafuna jani lake, na aliliita jani la kwetu. Harufu yake ilikuwa kali na baridi, nayo ilimwingia Mashavu katika pumzi, katika jasho, mpaka katika manyoya. Pimbi hakulipenda. "Unanuka dawa ya chawa," alikuwa akimwambia, naye Mashavu akimpulizia usoni makusudi.

Akachuma konzi moja. Akaliponda jani la kwanza kwa vidole. Ikabidi atoke jikoni, azunguke nyumba mara tatu, ndipo akarudi kuendelea.

Siku ya saba watu walijaa. Chungu kilipofunuliwa, fuu, mvuke ukapanda na pua zote zikauelekea. Pimbi akagawa, kila mmoja bakuli lake, kisha akaanza kutembea nyuma ya wageni, huku na huku.

"Kaa basi," Bi Nyegere akasema, mdomo umejaa.

"Kuleni tu. Nani anaijua?"

Fisi alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alikwisha kumaliza. "Nyati mzee. Hii sehemu ngumu ni nyati mzee."

"Sio."

"Niongezee nifikiri vizuri."

Bi Nyegere akatafuna kwa makini, amefumba macho. "Ningesema kenge, lakini kenge anateleza. Nungunungu ana mafuta zaidi. Na huu ubaridi unaobaki ulimini sijaukuta popote." Akafumbua macho, amekasirika kidogo. "Nimeshindwa. Sijawahi kushindwa."

Mzee Chui alikuwa ameshika kipande mdomoni bila kukitafuna. Akakimeza. Akachukua kingine, akakizungusha ulimini, na masikio yake yakarudi nyuma.

Pimbi akaacha kutembea.

"Mzee," akasema, "kwani ni kitu kigeni?"

Chui akainuka taratibu, akajifuta sharubu, akakunja uso kama anavyoukunja siku za kesi.

"Jamani," akasema, "wekeni mabakuli chini. Huyu bwana tumemkalia matanga siku saba, kumbe amevunja sheria ya kitongoji. Amempika jirani. Amempika ndugu yake mwenyewe." Akanyoosha ukucha. "Nyama hii ni pimbi."

Mabakuli yakawekwa chini. Mtu mmoja akatema.

"Una hakika, Mzee?" Pimbi akauliza.

"Kama ninavyokuona."

"Labda umekosea. Hujazoea vitu vya majabalini."

"Ulimi wangu haukosei. Ubaridi huu unaobaki nyuma ya koo, huu ni wa pimbi. Naapa mbele ya watu wote."

"Asante," Pimbi akasema. "Bwana Fisi, wewe ndiye fundi wa mifupa kuliko sisi wote. Tafadhali nitafutie mfupa ndani ya chungu hiki."

Fisi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega. Kwaru, kwaru, kwaru, chungu kikalia. Akatoka na maharage puani.

"Hamna," akasema. "Hata ubavu wa panya hamna." Akajilamba, akafikiri. "Hii si nyama. Hii ni… Pimbi, ni uyoga huu?"

"Ni uyoga. Na biringanya, na karanga, na maharage."

"Na mimi nimekula mabakuli matatu?"

"Manne."

Bi Nyegere alikuwa ameacha kutafuna, na sasa alimtazama Chui.

Pimbi akafungua kiganja. Ndani palikuwa na jani moja la manyoyamanyoya.

"Ubaridi ni wa hili," akasema. "Pimbi hawana ladha hii. Mimi mwenyewe sina, sijawahi kulitia mdomoni. Mashavu alilileta kutoka kwao, ng'ambo ya mto, ambako Mzee Chui anasema hajafika. Huku kwetu limeota katika ufa mmoja tu, nyuma ya nyumba yangu, na aliyelila ni mmoja tu. Bi Nyegere ameonja kila kitu duniani na hakulijua. Mzee hali ila swala, naye amelijua. Naomba mtu anieleze, kabla mikeka haijakunjwa."

Chui akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkia wake ukapiga mkeka, pa, pa.

"Mnaacha kazi zenu kusikiliza habari za jani," akasema. Macho yote yakabaki kwake. "Siku ile swala walikuwa mbali. Na jua kali." Bi Nyegere akasukuma bakuli lake pembeni. "Jamani, ni pimbi. Kitu hiki hakijazi hata kiganja. Mtamfukuza mwenyekiti wenu kwa kitoweo kama hicho?"

"Alikuwa na jina," Pimbi akasema.

Bi Nyegere akainuka. Mnajua nyegere haogopi mtu, hata aliyemzidi mara kumi. Akalichukua bakuli la Chui, akalimwaga nje, akalirudisha likiwa limegeuzwa juu chini, mbele ya miguu ya Chui. Kisha nyani, waliokuwa wamekaa mwisho wa mkeka, wakainuka. Kisha Fisi, ambaye watu walikuwa wamemtazama wiki nzima.

"Maji ya kunywa utatafuta pengine, Mzee," Fisi akasema. "Na moto."

Chui akaondoka bila kuaga. Alipofika njiani alijaribu kutembea polepole, kama mtu anayekwenda zake kwa hiari, lakini nyani walikuwa nyuma yake, na kabla ya kona akaanza kukimbia.

Mikeka ikakunjwa. Fisi alibaki nyuma, akisogeasogea karibu na jiko.

"Chungu cha pili," akasema, "kilikuwa cha atakayeitambua nyama. Nami nilitambua kwamba si nyama."

"Ni chako."

"Nafikiri kuanzia leo nitakula hivi hivi. Uyoga, maharage. Watu waache kunitazama."

"Mpaka lini?"

Fisi akafikiri kwa uaminifu. "Mpaka nitakapokutana na mfupa," akasema, akakibeba chungu kichwani.

Nanyi, mkimsikia mtu anadharau kitoweo mbele za watu, ulizeni anakula nini akiwa peke yake.

Kesho yake asubuhi Pimbi hakungoja jua lifike utosini. Alizikusanya kunde kutoka juu ya jiwe, hata zile zilizoingia katika nyufa, akachukua jembe na kuzipanda zote, mbilimbili kila shimo, kama Mashavu alivyokuwa akizipanda. Alipomaliza, akaenda nyuma ya nyumba, akachuma jani moja, akalitafuna. Bado hakulipenda. Akachuma la pili.