Vitundu vya Utando wa Kidawa

Hapo zamani, zamani ambazo umeme na darubini vilikwisha kuwapo, mtoto wa miaka minne aitwaye Mwanaidi alikuwa na tundu moyoni. Madaktari walitaka kiraka chembamba, kinachonyumbuka na kila pigo la moyo. Mama yake, Tunu, mjamzito, akawaendea mafundi wa maabara, akaapa: "Atakayeniponyea mwanangu, huyu binti wa tumboni nitampa jina lake."

Kidawa, fundi wa tanuri, akapika utando wa kaboni, mwembamba hata unywele ni gogo kando yake. Chembe zake zilijipanga safu kwa safu, pengo hakuna. Saumu, mpimaji, akauvuta. Ulikuwa mgumu kweli, lakini ufa ulipoanza ulikimbia moja kwa moja. Ukapasuka. Wa pili ukavutwa, ukapasuka. Wa tatu ukavutwa, ukapasuka.

Wa nne ungali tanurini, Kidawa akasikia harufu ya maharage yake yakiungua nje. Akafungua tanuri kabla ya wakati, akakimbilia sufuria. Utando ukatoka na vitundu, chembe hapa hazipo, pale hazipo.

"Huo tupa," akasema.

Saumu hakutupa. Akauvuta. Ufa ukaanza, ukafika kwenye kitundu, ukakoma. Akauvuta kutwa nzima mpaka ukachakaa, usifae tena kwa kiraka, asijue umehimili kwa nini.

Wakarudia. Safari hii vitundu vikazidi, utando ukachanika kama karatasi iliyolowa. Tunu akaanza kulia.

Ndipo Bi Mafunda, mfagiaji wa maabara, ambaye kwao hushona vibuyu vilivyopasuka, akaegemea ufagio wake. "Wanangu, kibuyu kikipata ufa, unatoboa kitundu pale ufa unapoishia, ili usiendelee. Ukitoboa ovyo umekiua. Fanyeni vichache, viachane."

Wakafanya. Kiraka kikashonwa. Leo Mwanaidi anaruka kamba, na kumkamata aoge ni kazi.

Tunu akajifungua binti. Wakaja watatu, kila mmoja na khanga ya mtoto.

"Kosa ni langu," akasema Kidawa. "Bila hilo mngali mnapasua vitu safi."

"Dada Kidawa, kosa lipi? Lile uliloniambia nitupe?" akauliza Saumu. "Nani aliliona lina faida?"

Bi Mafunda akacheka. "Mmoja alilifanya, mmoja akaliona, mkalirudia mkaharibu. Nani aliwaambia vichache?"

Msiniambie ampe majina yote matatu. Mtoto si orodha ya wajumbe. Kesho ni siku ya saba, jina litatajwa, na Tunu hajapata usingizi. Haya, nyie mnaojua kila kitu: je, mtoto aitwe nani?