Petroli ya Upendo

Hivi wewe unayesema una upendo, mara ya mwisho umeupima lini? Sisemi kuuonyesha. Kuonyesha tunajua, tuna mpaka vitenge vya sare. Nasema kuupima.

Sikilizeni. Palikuwa na uwanja mdogo wa ndege huko milimani, uwanja wa nyasi tu, na dada mmoja aliyekuwa akizifyeka hizo nyasi. Dada huyo alikuwa na degree ya uhandisi wa ndege. Msicheke. Miaka minne alituma maombi ya kazi, akajibiwa alete experience ya miaka mitano, kana kwamba experience inauzwa gengeni kwa fungu. Basi akashika fyekeo, maana angalau pale alikuwa karibu na ndege. Kila ndege ya misheni ilipotua aliweka fyekeo chini, akasikiliza injini mpaka izime, kama mzazi anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Asubuhi moja akaletwa mama mjamzito juu ya machela. Mtoto amelala upande tumboni, unatakiwa upasuaji, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Daraja limechukuliwa na mvua. Ndege ipo, rubani yupo, ila pipa lake la mafuta limekwama ng'ambo ya daraja hilohilo. Bahati nzuri injini yake ilikuwa ndogo, ya aina inayokubali petroli ya kawaida ya magari.

Jamani, watu wale walipenda. Vijana wa bodaboda walilaza pikipiki zao wakamimina kwenye madumu, huyu lita mbili, yule nusu, mpaka tone la mwisho. Mzee wa kanisa naye akaleta dumu zima alilonunua kituoni asubuhi hiyo. Akasimama mbele ya madumu sita, akasema, "Rubani, hii ni petroli ya upendo. Jaza, mwende."

Dada akainamia dumu la kwanza, akanusa. Kulikuwa na utamutamu ndani ya ile harufu, kama wa pombe ya miwa.

"Naomba tuipime kwanza," akasema.

"Upime nini?" Huyo alikuwa mume wa mgonjwa, hajalala siku mbili. "Wewe si ndiye unayefyeka nyasi hapa?"

"Ndiye, kaka. Lakini wiki tatu sasa kituo chetu kinaletewa mafuta na mtu mpya. Nahofia anachanganya spiriti."

"Mbona pikipiki zinakimbia nayo?" mzee akadakia. "Au huko vyuoni mnafundishwa kutia watu mikosi?"

"Zinakimbia, baba, na ikizima unashuka unasukuma. Kule juu utashukia wapi? Spiriti inavuta maji. Ikikutana na baridi ya mlima, maji yanajitenga, yanalala chini ya tenki, na injini inakunywa maji. Bado hujataja mipira inayoziba mafuta ndani ya injini, spiriti inaivimbisha."

Rubani akakuna kichwa. "Kitabu cha hii injini kinakataza spiriti, hilo ni kweli. Lakini pipa langu huja limefungwa, sijawahi kuhitaji kupima. Una kipimo?"

Hakuwa nacho. Alihitaji chupa tu, inayoonyesha ndani, yenye mistari. Ndipo yule mama, jasho likimtiririka, akapapasa kwenye kapu la nguo za mtoto, akatoa chupa ya kunyonyeshea. Mpya, bado ina karatasi yake.

"Mama nanii, hiyo si ya mtoto?" mumewe akamwambia polepole.

"Mtoto atapata nyingine. Mwacheni dada apime. Anayepanda ni mimi, si nyie."

Dada akaipokea kwa mikono miwili. Akatia maji mpaka mstari wa ishirini, akaongeza petroli mpaka karibu na mdomo, akatikisa, akaisimamisha juu ya bawa. Maji yakatulia chini kama desturi yake. Lakini hayakuwa tena kwenye ishirini. Yalikuwa yanakaribia arobaini.

Maji hayazai, wapendwa. Kilichoongezeka pale chini ni spiriti, imeikimbia petroli ikahamia kwenye maji.

Akapima madumu yote sita. Hadithi ikawa moja.

"Sasa dada," kijana mmoja wa bodaboda akasema, "sisi tulichokuwa nacho ndicho hicho."

"Najua, mdogo wangu. Mmetoa vyote." Akafunga dumu la mwisho. "Sorry. Lakini siwezi kumpandisha mtu na hii."

Akapiga magoti kando ya machela akamfuta yule mama jasho kwa ncha ya kanga. Mama akamshika kidole, akamwambia, "Usiogope." Mgonjwa ndiye anamtuliza mzima.

Dada akainua uso. "Nani ana petroli iliyonunuliwa kabla ya hizi wiki tatu? Yoyote ile."

Mume akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mzee wa kanisa akakohoa.

"Ipo," akasema. "Lita arobaini, stoo ya kanisa. Tangu mwezi juzi. Ni ya jenereta ya vipaza sauti, kwa ajili ya mkutano wa injili. Hiyo ilishatengwa."

"Imetengwa kwa ajili ya nani, baba?"

Mzee aligeuka akakimbia, na hakuna aliyewahi kujua kwamba anaweza kukimbia.

Ile nayo wakaipima. Maji yaliyotiwa mpaka ishirini yakabaki ishirini. Ndege ikaruka. Mama akafika, na mtoto akatolewa mzima, wa kike, akilia mpaka wauguzi wakacheka.

Naona mnataka kupiga makofi. Ngojeni. Saa nzima yule mama aliuma kanga yake pale kwenye nyasi, na petroli safi ilikuwa hatua mia mbili kutoka alipolala, nyuma ya kufuli. Wale vijana walitoa kilichochanganywa kwa sababu hawakuwa na kingine, na Mungu anawajua mmoja mmoja. Sisi je? Sisi kisafi tunacho. Tunakiweka kwa ajili ya spika, tusikike mpaka kijiji cha pili, na jirani tunampelekea upendo uliotiwa spiriti: pole yenye umbea ndani, mchango unaosubiri kutangazwa, maombi marefu mahali palipohitaji ufunguo. Na akitokea mwenye chupa ya kupimia tunamuuliza, wewe si mfyeka nyasi? Humu ndani wamekaa wangapi, vichwa vimejaa maarifa ya kuokoa watu, na sisi tumewapa fyekeo?

Mnaouza mafuta, andikeni kwenye pampu mmetia nini, mtu achague akijua. Mnaogawa kazi, acheni kudai experience kwa watu mliowanyima mahali pa kuipatia. Na ninyi wazee wa viti vya mbele, msitangaze maombi bado. Fungueni stoo kwanza, leo hii, tuone wote kilichomo. Ndipo tutaomba.