Meza ya Getini

Mwenyekiti wa soko, Bwana Chambuso, alioa mke wa tatu, kisha akaitaka meza ya getini ya Mwanamvua, mjane muuza nyanya, ili bibi harusi apate pa kuuzia.

“Aichukue leo hii,” akasema Mwanamvua, akaanza kufungasha mbiombio. “Kabla yangu alikaa Mwanakheri, mjane. Kabla yake Binti Shomvi, mjane. Kabla yake Mama Likunda, naye mjane. Hivi presha yako inaendeleaje, Mwenyekiti?”

Chambuso akajishika kifua. Bibi harusi akapewa meza kule nyuma, jirani na choo.

Mwanamvua akapanga nyanya zake upya.

“Wewe nawe!” jirani yake akacheka. “Mbona hukumwambia kwamba meza hiyo tunampa mwenzetu akishafiwa na mume?”

“Kwani aliuliza?”